Tarehe ya Lori

Kila Jumanne Pierrette hushuka Nchelenge, mji mdogo wa Zambia, kununua chisense. Hao ni samaki wadogo wa Ziwa Mweru, wembamba kama sindano. Wavuvi huwaanika mchangani mpaka wakauke. Pierrette huwanunua kwa ndoo, kisha huwauza kwa kikombe huko Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi. Ndiko anakoishi na mume wake, Barthélemy, na watoto wao wawili. Mkubwa anaitwa Méschac. Mdogo anaitwa Dorica, na jina hilo ni la mkunga Mzambia aliyempokea.

Barthélemy analima mihogo na karanga. Nyumba yao ni ya matofali waliyofyatua wenyewe. Mbele kuna maboga, nyuma kuna kuku. Umeme hawana. Simu ni moja kwa familia nzima, na ikiisha moto huipeleka kuchajiwa kwa Levy.

Levy ni kijana mwenye kibanda cha sola sokoni. Kibanda chake kina desturi yake. Ukiacha simu, unaacha na namba ya siri ya kuifungua. Levy huiandika kwenye kipande cha plasta pamoja na jina lako. Kisha hubandika plasta hiyo mgongoni mwa simu.

Wateja wenyewe ndio waliotaka hivyo. Wengi wana ndugu Kongo, na ndugu hupiga simu wakati wowote. Hakuna anayetaka kuikosa simu ya ndugu. Basi Levy hupokea kwa niaba yao. Husema kwa upole, "Mama Méschac eko ku shamba. Upige mangaribi, atakuwa na simu." Watu wanampenda kwa ajili hiyo.

Namba ya Pierrette ilikuwa 2303. Ni tarehe ishirini na tatu, mwezi wa tatu. Siku hiyo lori liliwaleta Mantapala kutoka mpakani. Mvua ilikuwa inanyesha. Wanawake walifunika watoto kwa vitenge na kuimba ili wasilie. Aliyepanda lori lile hawezi kuisahau siku ile. Kwa hiyo Pierrette aliona kwamba namba ile haitampotea kamwe. Aliitumia kufungua simu. Aliitumia kwenye pesa za simu. Na alipofungua ukurasa wa Facebook, aliitumia tena.

Aliyemsaidia kufungua ukurasa alikuwa Guylain, kiongozi wa kwaya. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la kanisa baada ya mazoezi.

"Hapa banaomba mot de passe," Guylain alisema. "Neno ya siri. Uweke kitu hutasahau."

Pierrette aliandika mantapala2303. Hakufikiri mara mbili.

Alitaka ukurasa huo kwa sababu moja. Alikuwa anamtafuta mdogo wake, Plamedie.

Mwaka wa kukimbia vita, walipotezana Pweto, upande wa Kongo. Watu walikuwa wengi, kila mtu akisukuma. Pierrette na Barthélemy walivuka kuja Zambia. Plamedie, ambaye bado alikuwa msichana, alikimbia na shangazi yao kwa njia nyingine. Tangu hapo hawakusikia habari yake. Walimtaja katika sala. Miaka ikapita. Ikafika wakati Pierrette hakujua tena amtaje pamoja na walio hai au pamoja na waliokufa.

Kwenye ukurasa wake aliweka picha yake. Aliandika jina la baba, jina la mama na jina la kijiji. Kisha akangoja.

Siku moja ujumbe uliingia. Ulikuwa mfupi. "Yaya, ni wewe?" Yaya, yaani dada mkubwa: ndivyo Plamedie alivyomwita.

Pierrette alikuwa anapima chisense. Aliweka kikombe chini, akakaa palepale kati ya ndoo. Mteja aliuliza kama ni mgonjwa.

Plamedie alikuwa Moba, ng'ambo ya mpaka, mbali. Alikuwa na mume na mtoto mmoja wa kike. Hakuwa na simu yake. Aliazima ya wifi yake na kuandika kwa ukurasa wa wifi huyo. Kupiga simu ilikuwa ghali, kwa hiyo dada hao wawili waliandikiana tu. Waliandikiana habari za wazazi, za shangazi, za watoto. Waliandikiana mpaka habari ya kisima cha kijijini. Mwisho Plamedie alisema atakuja mwezi wa nane, barabara zikiwa kavu. Atamleta mtoto amwone mama mkubwa wake.

Barthélemy alianza kutengeneza kitanda kingine.

*

Jumapili moja ya mwezi wa saba, Guylain alimfuata Pierrette nje ya kanisa. Alimwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mama Méschac, kumbe ulishapona?"

"Nilikuwa mgonjwa lini?"

"Uliandika uko ku hospitali. Unaomba batu bakutumie pesa. Hata mi nilitaka kukuchangia."

Pierrette alicheka kwanza. Alidhani ni mzaha wa watu wa kwaya. Guylain alitoa simu yake, akamwonyesha. Picha ilikuwa ya Pierrette. Jina lilikuwa la Pierrette. Maneno hayakuwa yake. Mtu fulani alikuwa anaomba pesa kwa ndugu na marafiki, na alikuwa ametoa namba ya simu ambayo Pierrette haijui.

Chini ya maneno hayo watu walikuwa wamejibu. Jibu la mwisho lilikuwa la Plamedie, kwa ukurasa wa wifi yake.

"Batu ya Mungu, musitume kitu. Huyu si yaya yangu. Nilimuuliza jina ya mutoto yangu, alikataa kusema. Pengine yaya yangu alishakufa zamani, na mwizi alichukua tu picha yake."

Pierrette alisoma. Akasoma tena. Dorica alikuwa mgongoni, amelala.

"Anasema nimekufa," alisema polepole.

Alijaribu kuingia kwenye ukurasa wake. Simu ilikataa. Ilisema neno la siri si sahihi. Guylain alimwandikia Plamedie kwa jina lake mwenyewe. Alimweleza kwamba Pierrette ni mzima, na kwamba amesimama naye hapa kanisani. Plamedie alijibu kwa maneno machache tu. "Na wewe ni mwizi mwenzake." Baada ya hapo hakujibu tena.

Nyumbani Barthélemy aliacha kupiga misumari. Alisikiliza habari yote. Kisha alisema ni Levy. Nani mwingine ana namba ya siri ya simu yao? Imebandikwa mgongoni, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Kesho yake Pierrette alikwenda kibandani. Hakupiga kelele, lakini maneno yake yalikuwa makali, na watu walisikia. Alisema mtu anakuachia simu yake kama anavyokuachia mtoto, na wewe unamuuza mtoto. Levy aliweka chini waya aliokuwa ameshika.

"Mama, juu ya nini unaniuliza mi peke yangu?" alisema. "Ile namba yako, hata mbuzi ya hapa inaijua."

Pierrette aliona anatukanwa. Alichukua simu yake ikiwa haijajaa moto, akaondoka.

*

Jioni hiyo kulikuwa na darasa la watu wazima katika shule ya makazi. Pierrette hakutaka kwenda. Barthélemy alimwambia aende, kwa kuwa kukaa nyumbani na kulia hakutafungua ukurasa. Alimchukua Dorica mikononi mwake, akamsukuma mke wake taratibu mpaka mlangoni.

Mwalimu wa darasa alikuwa mwanamke wa Nchelenge, Esnart Mukuka. Mchana alikuwa na duka la kutengeneza simu karibu na ziwa. Jioni mbili kwa wiki alikuja Mantapala kufundisha Kiingereza na matumizi ya simu. Wote walimwita Ba Esnart, kwa heshima ya Kibemba. Kiswahili alijifunza kwa wafanyabiashara wa Kongo waliokuja kununua samaki. "Swahili yangu ni ya kubishana bei," alipenda kusema. "Nikikutukana, ujue nilitaka kukusalimia."

Alimwona Pierrette amekaa nyuma, macho mekundu. Alimuuliza kwa sauti ndogo. Pierrette alimweleza kwa sauti ndogo pia, lakini darasa lilikuwa limenyamaza. Wote walisikia mpaka pale Levy alipotajwa.

Ba Esnart alifikiri kidogo. Kisha aligeukia darasa.

"Ninyi wa upande huu, mulifika hapa tarehe gani?"

Walijibu pamoja, kama watoto wa shule. Tarehe ishirini na tatu, mwezi wa tatu.

Ba Esnart alichukua chaki. Aliandika ubaoni: 2303.

"Musiniambie kitu," alisema. "Mushike tu simu zenu. Simu inayofunguka kwa namba hii, mwenye simu aangalie chini."

Kichwa kimoja kiliinama. Kikainama cha pili. Halafu mstari mzima wa mbele ukaangalia sakafu. Mama Dédé, mwanamke mnene anayeuza maandazi, alianza kucheka mpaka benchi likatikisika.

"Ba Esnart, ni uchawi. Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mayo, mama yangu. Simu zenu zinakuja dukani kwangu. Mwenye simu hajafungua mdomo, mi nimeshajaribu 2303. Ikikataa, najaribu tarehe ya lori ya pili. Mara nyingi sihitaji ya tatu."

Pierrette aliangalia ubao. Aliziona zile tarakimu nne zimekaa pale, kubwa, nyeupe, mbele ya watu wote. Ndipo alipomwelewa Levy. Hakuwa amemtukana. Alikuwa amesema kweli tupu. Kila aliyekuwa kwenye lori lile angeweza kuingia katika ukurasa wake. Na rafiki wa aliyekuwa kwenye lori. Na mtu wa Nchelenge aliyesikia hadithi ya lori sokoni.

"Basi ni nani aliingia?" aliuliza.

"Hatutajua," Ba Esnart alisema. "Mlango ulikuwa wazi kwa wote. Usimshike mmoja."

Kisha alieleza, polepole, akirudia kwa wale wa nyuma. Watu wengi huchagua neno la siri kwa kuogopa kulisahau. Kwa hiyo huchukua kitu ambacho hakiwezi kusahaulika: tarehe ya kuzaliwa, jina la mtoto, siku ya kufika. Lakini kitu ambacho wewe huwezi kukisahau, mara nyingi na jirani hakisahau. Siri si kitu unachokikumbuka tu. Siri ni kitu ambacho mwingine hakijui.

"Sasa tutaweka nini?" aliuliza Mama Dédé. "Kichwa yangu imejaa unga."

Ba Esnart alisema kwa simu na kwa pesa, ambapo wanataka namba tu, chagua namba isiyo na hadithi. Isiwe tarehe. Isiwe 1234. Namba ya pesa isifanane na ya kufungua simu. Kwa Facebook na barua pepe, chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaunge yawe marefu. Yakichekesha ni vizuri zaidi, maana kichekesho hukaa kichwani. Alitoa mfano: kiatu cha mbuzi kinanunua mvua.

Darasa lilicheka.

"Hiyo nayo musiiweke," alisema. "Mumeisikia wote."

Mzee mmoja aliuliza kama ni dhambi kuandika neno la siri kwenye karatasi. Amesikia redioni kwamba usiandike kamwe.

Ba Esnart alisema yeye anafundisha hivi: andika, lakini ujue unaliweka wapi. Karatasi isikae pamoja na simu. Isibandikwe mgongoni. Isiwe ndani ya kifuniko cha simu, maana mwizi akichukua simu amechukua vyote viwili. Usiandike juu yake kwamba hii ni ya Facebook au hii ni ya pesa. Iweke nyumbani, mahali ambapo hakuna anayegusa isipokuwa wewe. Yeye mwenyewe ana maneno mengi kwa sababu ya kazi, hivyo anatumia programu ya simu inayoyatunza. Ni kama sanduku lenye kufuli. Maneno yote yako ndani, na yeye anakumbuka neno moja tu, refu, la kufungulia sanduku. Simu nyingi za kisasa zina sanduku hilo tayari. Lakini kwa mwenye maneno mawili au matatu, karatasi iliyofichwa vizuri inatosha.

*

Darasa lilipokwisha, Ba Esnart alikaa na Pierrette kwenye ngazi ya shule. Jua lilikuwa bado juu ya mihogo.

"Laini yako ni ileile uliyofungulia ukurasa?"

"Njo hii."

"Basi una bahati. Mwizi alibadilisha neno, lakini hakuondoa namba yako."

Alimwonyesha mahali palipoandikwa kwamba umesahau neno la siri. Pierrette alibonyeza. Baada ya muda mfupi simu ilitoa mlio. Namba ndefu ilikuwa imeingia kwa ujumbe.

Pierrette alitaka kumsomea. Ba Esnart aliweka mkono juu ya skrini.

"Usinisomee. Namba hii ni ya wewe tu. Mutu akikupigia siku moja na kusema yeye ni wa kampuni, akuombe namba iliyoingia, huyo ni mwizi. Hata sauti yake ikiwa tamu."

Pierrette aliiandika mwenyewe. Ukurasa ulimwomba achague neno jipya. Ba Esnart aligeuka, akaangalia mihogo, akaanza kuimba kidogo ili ionekane wazi kwamba haangalii. Pierrette alifikiri. Alichagua maneno manne. Alitabasamu peke yake.

"Umemaliza? Sasa tafuta pale panapoandikwa vifaa vilivyoingia. Toa vyote isipokuwa chako."

Ilionekana simu nyingine, ya aina ambayo Pierrette hajawahi kuishika. Aliitoa. Mwisho Ba Esnart alimwonyesha jinsi ya kuuambia ukurasa uombe namba ya ujumbe kila mara mtu anapoingia kwa simu mpya. Hata kama mtu atalijua neno, bila laini ya Pierrette hataingia.

Pierrette alisema asante kwa Kibemba, "Natotela." Kisha aliona ujumbe ambao mwizi alikuwa amemwandikia Plamedie. "Tuma haraka. Usiulize mingi." Na chini yake maneno ya Plamedie: "Yaya, mbona umebadilika?" Alifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Jioni hiyohiyo aliandika. "Plamedie, ni mi. Mutu aliingia mu jina yangu. Leo nimerudi."

Hakukuwa na jibu.

*

Asubuhi Pierrette alibeba kikombe cha chisense, kilichojaa mpaka juu, akakipeleka kwa Levy. Alimwomba msamaha, na alisema kwa sauti ambayo watu wangeisikia, kama walivyosikia maneno makali ya kwanza.

Levy aliangalia samaki. "Kwa hiyo mutoto wako sikumuuza."

"Hukumuuza."

"Bon. Na ile mbuzi yenye kujua namba, umeiomba msamaha?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Pierrette alimwonyesha jambo alilofundishwa na Ba Esnart. Alifunga simu yake kwa namba mpya. Alimwambia Levy aipigie kwa simu yake mwenyewe. Simu iliita. Levy alibonyeza, akapokea. Haikuomba namba yoyote.

"Kumbe inapokelewa imefungwa," Levy alisema.

"Njo vile. Namba ya siri haukuihitaji hata siku moja."

Tangu siku hiyo Levy anaandika jina peke yake kwenye plasta. Bado anapokea simu za ndugu. Bado anasema, "Upige mangaribi." Mtu akitaka kumtajia namba yake, anaziba masikio.

Nyumbani, Pierrette aliandika maneno yake manne kwenye karatasi ndogo. Hakuandika ni ya nini. Aliikunja ndani ya kitenge cha harusi yake, chini kabisa ya sanduku. Kitenge hicho hakuna anayekigusa.

Barthélemy alimwona anafunga sanduku.

"Na mi bwana yako? Sina haki ya kujua?"

"Unajua fasi iko, ndani ya kitenge. Nikipatwa na jambo, utafungua. Nikiwa mzima, ya nini?"

Barthélemy aliguna. Alisema simu ni ya wote wawili. Pierrette alikubali, na namba ya kufungua simu waliichagua upya, pamoja. Ile ya pesa za mihogo, ambazo ziko kwenye laini ya pili, kwa jina la Barthélemy, alimwambia abadilishe yeye mwenyewe. Maana nayo ilikuwa 2303.

Barthélemy aliibadilisha akiwa shambani, kwa siri kubwa. Hakuandika popote. Alisema kichwa cha mwanamume ni sanduku tosha. Kufika Ijumaa alikuwa ameisahau. Alijaribu, akajaribu tena, huduma ikamfungia. Ilimbidi ashuke Nchelenge na kitambulisho chake ili afunguliwe. Aliporudi alikuwa na karatasi ndogo mfukoni. Aliingia chumbani, na Pierrette alisikia sanduku linafunguliwa. Hakumcheka. Alimcheka kesho yake.

Darasani Ba Esnart aliuliza nani amebadilisha. Mikono mingi ilipanda. Akauliza nani ameweka kiatu cha mbuzi. Mama Dédé aliangalia dirishani.

*

Plamedie alijibu baada ya wiki nzima. Ilikuwa mchana. Pierrette alikuwa anachambua mboga.

"Hata ule mwingine alisema ni yaya."

Pierrette aliandika haraka. Aliandika jina la baba yao. Jina la mama. Kijiji. Shangazi. Kisima.

"Hiyo yote tulishaandikiana," Plamedie alijibu. "Mwizi aliisoma."

Ilikuwa kweli. Pierrette alikaa na simu mkononi. Kila alichokiandika, mwizi alikuwa amekiona. Mboga zilibaki kwenye sahani. Barthélemy aliacha jembe, akaja kusimama karibu naye.

Kisha swali liliingia. Lilikuwa fupi. Lilihusu jambo ambalo wao wawili walilifanya wakiwa watoto, na ambalo mama yao hakulijua mpaka anakufa. Hawakuwahi kuliandika. Hawakuwahi kumwambia mtu.

Pierrette alifunika mdomo kwa mkono. Alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Aliandika jibu. Maneno yalikuwa machache sana.

Alingoja. Kuku mmoja alikuja akala mboga, na hakuna aliyemfukuza.

Simu ikaita. Plamedie alikuwa amenunua muda wa kupiga, licha ya ughali wake. Mwanzoni Pierrette alisikia pumzi tu, na mtoto anaongea mbali. Kisha sauti ambayo hakuisikia tangu Pweto ilisema, "Yaya."

"Niko," Pierrette alijibu. "Niko, mudogo yangu. Niko."

Mwezi wa nane Plamedie alifika. Alishuka kwenye gari na mtoto mgongoni na mfuko mmoja kichwani. Kitanda kilikuwa tayari. Kwa siku nyingi dada hao walikwenda ziwani pamoja, wakarudi pamoja. Jioni Plamedie alikaa na Ba Esnart darasani, akafungua ukurasa wake mwenyewe, kwa neno lake mwenyewe. Pierrette aligeuka, akaangalia mihogo.

Barthélemy alikuwa na jambo moja lililomsumbua. Siku moja, wakila, alimuuliza shemeji yake ni swali gani lile alilouliza, na jibu lilikuwa nini. Alisema amejenga kitanda kwa mikono yake, anastahili kujua.

Plamedie alimwangalia Pierrette. Pierrette alimwangalia Plamedie. Wakaanza kucheka, wakashindwa kumeza ugali.

"Uulize yaya," Plamedie alisema.

"Uulize mudogo," Pierrette alisema.

Barthélemy hajaambiwa mpaka leo. Nasi pia hatujui. Jibu halijaandikwa hapa, wala kwenye karatasi iliyo ndani ya kitenge.